UZI: Nimetembelea Rupert & Rothschild kule Cape, shamba la divai la familia mbili. Wana-L'shi (Lubumbashi), tuongee ubia

#1 Mwana_Kampemba (mleta uzi)

Wadau, habari za jioni. Kwenye uzi wa safari za Afrika Kusini kuna mtu aliuliza kama ukiwa Cape Town inafaa kutoa siku nzima kwa mashamba ya divai, au ni mambo ya watalii tu. Sikumjibu kule maana jibu ni refu. Inafaa. Na ukiwa na nafasi ya shamba moja tu, nenda Rupert & Rothschild. Divai yao ni nzuri, hilo halina ubishi, ila mimi mtoto wa Lubumbashi kilichonishika zaidi ni ubia wenyewe. Sisi tumezaliwa tukisikia asilimia za migodi: Gécamines, kampuni ya madini ya serikali yetu ya Kongo, ana ngapi, mgeni ana ngapi, nani kasaini, nani kala. Pale nimeona ubia wa sura nyingine, na nimerudi na hoja yangu ambayo nitaiweka chini, mnipige mawe mkitaka.

Kwanza mahali. Kutoka Cape Town unashika N1 kuelekea Paarl, halafu unakata kulia kuingia R45, barabara ya Franschhoek. Kama hakuna foleni ni saa moja hivi. Shamba linaitwa Fredericksburg, liko upande wa Simondium, chini ya mlima Simonsberg. Waliopewa ardhi hiyo mwaka 1690 ni ndugu wawili, Jean na Daniel Nortier, Wahuguenoti, yaani Waprotestanti waliokimbia mateso ya mfalme wa Ufaransa. Kundi lao kubwa lilishuka Cape mwaka 1688. Divai yenyewe ilishakamuliwa Cape kabla yao: Jan van Riebeeck aliandika kwenye shajara yake tarehe 2 Februari 1659 kwamba siku hiyo zabibu za Cape zimekamuliwa kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mkisikia Mfaransa kaja kulima kule, jueni anafuata njia ya zamani.

Sasa ubia. Anton Rupert, yule tajiri wa sigara wa kampuni ya Rembrandt, alinunua shamba mwaka 1984. Upande wa pili ni Baron Edmond de Rothschild wa Ufaransa. Mwaka 1997 Edmond alifariki, na mwaka huohuo watoto, Anthonij Rupert na Baron Benjamin de Rothschild, wakaweka majina ya familia zote mbili kwenye mlango mmoja: Rupert & Rothschild Vignerons. Anthonij alikufa kwa ajali ya gari mwaka 2001, Benjamin akafariki 2021. Wenyewe wameondoka, mlango bado una majina mawili.

Muda nao una maana. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 divai ya Afrika Kusini ilikuwa imefungiwa nje kwa vikwazo vya ubaguzi wa rangi. Vikwazo vilipoondoka, dunia nzima ilitaka kuionja, na wenyewe walikuwa na zabibu lakini wamekaa miaka mingi bila kushindana na mtu. Mgeni alikuja na ujuzi wa Bordeaux, eneo la divai la Ufaransa, na njia za kuuza. Mwenyeji akaleta ardhi, mizabibu na watu. Hapo ndipo nataka tufike.

Kesho nitaelezea kuonja kwenyewe. Maswali yaanze.

#2 Mwana_Katuba

Mukubwa asante sana. Miye nauliza ya karibu: kuonja ni bule ao banalipisha? Na bibi yangu eko mu kanisa, hanywake pombe hata kiloko. Atafanya nini kule, ataangalia majani?

#3 Mwana_Kampemba

Wanalipisha, ndugu, na uweke nafasi mapema kwa simu au mtandaoni. Usitokee tu getini kama unaenda kwa shangazi, hasa Desemba hadi Machi. Bibi yako hatapata shida. Kuna vinywaji visivyo na kilevi, kuna bustani, kuna nyumba nyeupe za kale za mtindo wa Kidachi, na mlima umesimama pale nyuma. Wangu naye hanywi, akapiga picha hadi simu ikazima.

Tena yeye asiyekunywa ndiye mtu muhimu wa safari, maana atashika usukani. Kumbukeni kule wanaendesha kushoto kama Zambia. Kama nyote mnakunywa, lipieni dereva. Polisi wa barabara ya Franschhoek hawana utani, kile kipimo cha pumzi wanacho.

#4 Yaya_Bijou

Weee, Rothschild! Si ile ya Mouton Cadet yenye banawekaka ku meza ya bazee siku ya dote, ile ya mahari? Sasa unasema iko Afrika Kusini. Ao banatudanganyaka na chupa miaka yote hii?

#5 Mwalimu_Kipushi

Yaya Bijou, wauza duka hawana kosa. Ukoo ni mmoja, nyumba ni mbalimbali, na kila nyumba ina biashara yake.

Nyumba ya kwanza ni Mouton, pale Pauillac, Bordeaux. Nathaniel de Rothschild aliinunua mwaka 1853. Mjukuu wa mtoto wake, Baron Philippe, aliishika mwaka 1922 akiwa kijana wa miaka ishirini, na Mouton Cadet unayoijua ilianza kwake kwenye miaka ya 1930. Nyumba ya pili ni Lafite, jirani yao kabisa, ilinunuliwa na James de Rothschild mwaka 1868. Nyumba ya tatu ni hii ya Edmond. Yeye mwaka 1973 alinunua Château Clarke, shamba lililokuwa limechoka huko Listrac, akalipanda upya. Watu wa Edmond wamefanya ubia kuwa ada: Argentina wako na familia ya Dassault kwenye Flechas de los Andes, Hispania wako na shamba la Vega Sicilia kwenye Macán, Afrika Kusini wako na Rupert.

Lakini mleta uzi, ukitaja ubia wa divai bila kutaja Opus One, divai ya California, umeruka mlango mkubwa. Baron Philippe wa Mouton na Robert Mondavi wa California walikutana Hawaii mwaka 1970, wakaongea, hawakufika mahali. Mwaka 1978 Mondavi akaenda Mouton, wakakubaliana kwa muda mfupi: nusu kwa nusu. Mavuno ya kwanza ni ya 1979, na mwaka 1981, kabla hata haijaingia sokoni, kasha moja liliuzwa kwenye mnada wa Napa, hukohuko California, kwa dola 24,000. Chupa zilianza kuuzwa 1984. Jengo lao pale Oakville lilimalizika 1991, Baron mwenyewe ameshafariki miaka mitatu kabla. Kwenye lebo kuna vichwa viwili vinavyotazama pande tofauti, mmoja Mfaransa, mwingine Mmarekani. Halafu wale wa Mouton wakaenda Chile, wakafanya na Concha y Toro kitu kinaitwa Almaviva, mavuno ya kwanza 1996.

#6 Mwana_Kampemba

Mwalimu, asante. Almaviva na Opus One nilizisikia zikitajwa pale mezani na wazee wawili Wabelgiji waliokaa karibu nasi. Walikuwa wanabishana ipi ni ghali bila sababu.

Haya, kuonja. Mnakaa mezani, dada anakuja na glasi tupu za miguu mirefu na chupa. Kwanza nyeupe, inaitwa Baroness Nadine, jina la mke wa Edmond. Ni ya zabibu za Chardonnay. Mimi nilizoea divai nyeupe ya dukani kwetu ambayo ukiinywa baridi sana hata maji ya ndimu hayaizidi. Hii aliileta siyo baridi ya kuuma meno, akasema tusubiri kidogo kwenye glasi. Mwanzoni ilinukia kama embe bichi na mkate uliotoka kwenye tanuri. Baada ya dakika chache harufu ya mkate ikapanda zaidi. Hiyo inatokana na kukaa kwenye pipa la mwaloni.

Kisha Classique, nyekundu, zabibu za Cabernet Sauvignon na Merlot hasa. Hii ndiyo ya kunywa na nyama, na ndiyo unayoweza kuikuta kwa urahisi madukani. Mwisho Baron Edmond, zabibu ni zilezile za familia ya Bordeaux lakini zimechaguliwa kwa ukali na zimekaa kwenye mwaloni wa Ufaransa zaidi ya mwaka. Ukiitikisa glasi, rangi inabaki kwenye ukuta wa kioo, inateremka polepole. Mdomoni inakausha ufizi kwanza, halafu ndipo tunda linakuja. Dada akasema wazi kwamba bado ni changa, ingenoga ikilala miaka mingine kadhaa. Nilimpenda kwa hilo. Muuzaji anayekuambia bidhaa yake haijaiva ni wachache.

Katikati ya meza kuna chombo kama ndoo ndogo. Ya kutemea.

#7 Yaya_Bijou

Kutema?! Mutu analipa franga yake, anaweka mu kinywa, halafu anatema? Beye bazima kweli?

#8 Mwana_Katuba

Yaya, kule kwetu Katuba ukitema lutuku, ile pombe kali yetu, ya mutu banakupiga.

#9 Mwana_Kampemba

Wanaofanya kazi ya kuonja wanatembelea mashamba mengi kwa siku, wakimeza yote watalala shambani. Mimi sikutema hata tone, muwe na amani.

Mapipa nayo yafaa kuyaona. Ukiomba vizuri na kama hawana kazi nyingi, wanakuonyesha chumba yanapolala. Baridi, kimya, na harufu ya mbao na zabibu inakujia kabla macho hayajazoea giza. Pipa la Kibordeaux linachukua lita 225, yaani chupa 300. Kwenye tumbo la kila pipa kuna tundu lenye kizibo, na kulizunguka kuna doa la zambarau iliyokolea, maana divai inapungua polepole kupitia kwenye mbao na lazima waijaze mara kwa mara, tone linamwagika. Mbao zinatoka misitu ya Ufaransa. Nilimuuliza kijana wa pale kwa nini wasitumie mbao za kwao. Akacheka, akasema mwaloni wa Cape unakua haraka mno kwa sababu ya joto, mbao inakuwa na matundu, pipa litavuja.

Sasa hoja. Kwenye ubia huu zabibu zinaingia upande mmoja wa uwanja, upande wa pili inatoka chupa yenye lebo, kizibo na jina. Kila hatua inayoongeza bei inafanyika palepale. Mgeni hakuchukua zabibu kwenda kuzikamua Bordeaux. Sisi je?

#10 Fundi_Likasi

Hapo umegusa kidonda, kaka. Mimi nimefanya kazi Shituru, kiwanda cha shaba hapa Likasi, najua tunachotoa. Shaba inaondoka ni bamba, kobalti inaondoka bado unga wa haidroksaidi, inakwenda China kusafishwa. Bei yake kubwa inazaliwa huko. Waya, betri, gari la umeme, hakuna hata kimoja chenye jina la Likasi.

Na asilimia zetu tunazijua. Ubia wa mgodi wa Sicomines wa 2008: Wachina 68, sisi 32. Mgodi wa Tenke Fungurume: CMOC, kampuni ya China, 80, Gécamines 20. Mwalimu ameandika Opus One nusu kwa nusu. Nimesoma hiyo mara mbili.

Lakini ninataka kuongeza kitu ambacho mleta uzi hajasema. Mbia anaweza kuuzwa. Mwaka 2016 Freeport wa Marekani walitangaza kuwauzia CMOC sehemu yao ya Tenke kwa dola bilioni 2.65. Gécamines ililalamika kwamba haikuulizwa, wakavutana hadi wakasuluhishana mwaka uliofuata. Umelala na mtu mmoja, umeamka na mwingine.

#11 Mwalimu_Kipushi

Fundi, hata Opus One yaliwakuta. Mwaka 2004 kampuni kubwa ya vinywaji, Constellation, ilinunua kampuni ya Mondavi yote, na ile nusu ya Opus One ikaenda humo. Leo nusu ni ya familia ya Mouton, nusu ni ya kampuni ya sokoni. Kichwa cha Mondavi bado kiko kwenye lebo, familia yake haina kitu humo. Tofauti ni kwamba mkataba ulikuwa umekaa sawa, na divai haikuyumba.

Na kuhusu chupa kutoka palepale, hilo hata Ufaransa halikuwepo tangu mwanzo. Zamani mashamba ya Bordeaux yaliuza divai kwenye mapipa kwa wafanyabiashara wa mjini. Hao ndio walioitia chupani, wakaibandika lebo, wengine wakaichanganya na vitu vya ajabu, na faida ikabaki kwao. Huyu Baron Philippe aliamua mwaka 1924 kwamba divai yote ya Mouton itatiwa chupani ndani ya shamba. Ikabidi ajenge ghala refu la kulaza mapipa, maana sasa mzigo ulikuwa unabaki kwake badala ya kuondoka. Mkulima wa Médoc, upande huo wa Mouton, miaka mia iliyopita alikuwa kwenye hali ileile ya Fundi pale Shituru. Kilichomtoa ni gharama ya ghala na uvumilivu wa kungoja hela.

#12 Mwana_Kampemba

Hii ya 1924 nilikuwa siijui kabisa, na ndiyo inayobeba hoja yangu kuliko nilivyoibeba mimi. Fundi, soma tena mstari wa ghala. Watu wetu wakikaa mezani na wageni wanagombea asilimia tu. Mimi ningegombea kwanza kitu gani kitatoka getini: bamba au waya. Asilimia 20 ya waya inaweza kupita 32 ya bamba.

#13 Fundi_Likasi

Inaweza. Lakini waya unataka umeme usiokatika, na hapa Likasi jana tulikuwa gizani. Endelea.

#14 Mutoto_wa_Ibanda

Salamu kutoka Cape Town, mimi ni mtu wa Bukavu niko huku miaka mingi. Nimewasoma wote, mnaongea vizuri, lakini mmemwona mwenye shamba na mgeni, hamjamwona aliyekata zabibu.

Mizabibu ya Cape ya enzi za mwanzo ililimwa kwa mikono ya watumwa. Waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India, na visiwa vya Indonesia. Walipata uhuru kamili mwaka 1838. Baada ya hapo ukaja mtindo wanaouita dop: mfanyakazi wa shamba analipwa sehemu ya mshahara kwa divai mbovu, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Sheria ilikataza, mashamba mengi yakaendelea hadi miaka ya 1990. Matokeo yake yapo hadi leo. Jimbo hili la Western Cape lina mojawapo ya viwango vya juu kabisa duniani vya watoto waliozaliwa na madhara ya pombe ya mama. Siongelei shamba hilo mlilotembelea, naongelea bonde zima. Ukipita R45 utaona geti zuri, ndani kabisa nyuma ya miti kuna vijumba vya wafanyakazi. Angalieni pia vile.

Halafu ubia wa tajiri na tajiri ni rahisi. Rupert alikuwa na pesa, Rothschild ana pesa tangu enzi za Napoleon. Hakuna aliyekuja na njaa mezani. Gécamines ilikaa mezani ikiwa na madeni, mitambo imekufa, wafanyakazi hawajalipwa. Ndiyo maana ilipata 20.

Mimi huku nilianzia kulinda magari ya watu barabarani, kama Wakongo wengi. Hata leo ukiegesha gari mjini Cape Town, ukasikia mtu anakuongoza kurudi nyuma, msalimie kwa Kiswahili. Mara nyingi atakujibu.

#15 Mwana_Kampemba

Mutoto wa Ibanda, heshima. Tulisalimiwa hivyohivyo, mjini, siyo shambani. Mzee mmoja mwenye fulana ya kijani alisikia tunabishana na mke wangu kuhusu mahali pa kuegesha, akauliza, "Minatoka L'shi ao Likasi?" Yeye ni wa Kolwezi, alikuwa fundi umeme wa mgodi. Tukaongea hadi mwenye gari lingine akaanza kupiga honi.

Hilo la njaa mezani sina jibu lake la haraka. Ni kweli. Ila nakataa kwamba ndiyo sababu ya kutouliza swali la nini kitoke getini. Mwenye njaa ndiye angepaswa kuliuliza zaidi. Na hilo la dop nadhani kila anayepanga safari alisome kwanza. Nilimuuliza dada wa kuonja kuhusu wafanyakazi, akanijibu kwa uwazi mambo ya nyumba na shule, ila sikuyaona kwa macho yangu, kwa hiyo siyaandiki hapa.

#16 Mkulima_Dodoma

Wakuu, habari za Kongo. Mimi Mtanzania, nalima zabibu Dodoma, nimeingia uzi huu kwa harufu. Nimeona mnazungumza mgawanyo wa pesa tu, mimi nauliza: kwanini hamlimi wenyewe? Sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka, Machi hivi na tena Agosti hadi Septemba. Tuna zabibu yetu nyekundu inaitwa Makutupora, imezoea jua la kwetu. Hata huku Hombolo kuna kiwanda kilichoanzishwa kwa mkono wa Waitaliano, kwa hiyo ubia wa divai si wa Cape peke yake.

#17 Fundi_Likasi

Karibu, Mkulima. Babu yangu alikuwa na mzabibu barazani, Likasi. Ulizaa, sisi watoto tukala mbichi. Divai hatukuwahi kuiona.

#18 Mkulima_Dodoma

Mzee, hapo shida ni mvua. Dodoma tunapata mvua kidogo, kama milimita 500 na kitu kwa mwaka, hewa kavu. Ninavyojua Katanga mnapata karibu 1,200, na yote inashuka Novemba hadi Machi au Aprili, kipindi cha joto. Zabibu ikiiva kwenye joto na unyevu, ukungu unaimaliza kwa wiki moja, majani yanakuwa kama yamemwagiwa unga. Cape wenzenu mvua yao inanyesha wakati wa baridi, Mei hadi Agosti, mti umelala. Zabibu inaiva Januari hadi Machi kukiwa kukavu, na ule upepo wa kusini-mashariki unakausha majani. Ndiyo bahati yao.

Kwenu ningefanya hivi: mti hauna baridi ya kutosha ya kuulaza, basi unaulaza kwa mkasi. Pogoa mvua zinapoelekea kuisha, nyeshea kwa mabomba ya matone, uvune kabla ya mvua za Oktoba na Novemba. Baridi yenu ya Juni na Julai kwa mwinuko wa mita 1,200 na zaidi inaweza hata kusaidia harufu ya tunda. Anza na mashina machache ya kula mezani. Usianze na ndoto ya kufanana na Baron.

#19 Mwana_Katuba

Miye niko na fasi kule Kasapa. Mkulima, nitakutumia ujumbe. Si bongo.

#20 Mama_Wa_Mpaka

Watoto wangu, mimi nafanya biashara ya vinywaji kupitia Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, wacha niwaambie jambo ambalo hata huyo Baron halijui. Divai ikitoka Cape ni nzuri. Inapanda lori, inapita Beitbridge na Chirundu, au inazungukia Botswana kwenye lile daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021. Inafika Kasumbalesa, lori linakaa kwenye foleni. Jua la Oktoba linapiga turubai. Ndani kunachemka. Mnakuja kununua Classique dukani mnasema, "Mbona haifanani na ile niliyoonja kule?" Imepikwa.

Mukienda dukani mshike chupa kwa mkono. Pitisheni kidole juu ya shingo, pale kizibo kinapofunikwa. Kama kizibo kimeinuka kidogo, au kuna kunata kwa utomvu umeshuka chini ya kifuniko, iache hapo, joto limeisukuma. Na chupa iliyosimama wima chini ya taa ya duka tangu Noeli iliyopita, muachie mwenye duka. Chukueni iliyolazwa, upande wa nyuma, fasi ya baridi.

#21 Yaya_Bijou

Mama Mpaka, aksanti sana, hii njo kitu nilikuwa natafuta. Sasa Mwana Kampemba, ulileta chupa ngapi na ulipitisha je?

#22 Mwana_Kampemba

Nilileta chache, zimefungwa kwenye nguo ndani ya sanduku la kupakiwa, siyo begi la mkononi, maana majimaji hayapiti. Kwa vinywaji chini ya asilimia 24 ya kilevi kanuni za ndege za kimataifa hazina tatizo la usalama, shida ni uzito wa sanduku. Kufika Luano, uwanja wetu wa ndege, kuna bwana mmoja wa sare alizipenda sana zile chupa, akazitaja moja moja kwa upole. Niliomba stakabadhi. Upole ukaisha, ila nikapita.

Pia kabla sijasahau: kuna shamba la divai linaloitwa Anthonij Rupert pale L'Ormarins, karibu na Franschhoek, lenye jumba la magari ya kale. Hilo ni la Johann Rupert, ndugu yake Anthonij, ni nyumba nyingine kabisa. Madereva wengi wakisikia "Rupert" wanakupeleka kule. Waandikie Fredericksburg.

#23 Mwalimu_Kipushi

Na anayetaka ubia mwingine karibu na hapo apite Vilafonté, Stellenbosch. Mike Ratcliffe wa Afrika Kusini na Wamarekani wawili, Zelma Long na Phil Freese. Wote wawili walipitia kwa Robert Mondavi. Freese ndiye aliyeshughulikia mizabibu kule, hata ya Opus One. Jina limetokana na aina ya udongo wa shamba lao la Paarl. Mavuno ya kwanza ni 2003, divai mbili: Series C na Series M. Ubia ule haukuanza na baron, ulianza na watu wa kazi. Mutoto wa Ibanda huenda akaupenda zaidi.

#24 Mutoto_wa_Ibanda

Nitaupenda nikiona nyumba za wafanyakazi. Jumamosi siko kazini, nitapita.

#25 Yaya_Bijou

Sasa mushauri kwa kweli. Mwezi wa nane mutoto wa dada yangu anaolewa, batu mia tatu. Familia ya bwana banataka divai ya "heshima". Ninunue hii Baron Edmond?

#26 Mwana_Kampemba

Kwa watu mia tatu? Yaya, utauza kiwanja. Chukua Classique ya meza ya wazee na wakwe tu, zilizokaguliwa na Mama wa Mpaka kwa kidole. Zifungue saa moja kabla hawajaketi. Wengine wote wape bia ya Simba baridi, hakuna atakayelalamika.

#27 Mama_Wa_Mpaka

Niandikie idadi sasa hivi, mwezi wa nane lori zinachelewa.

#28 Yaya_Bijou

Mama, nakuandikia. Na miye niweke ku meza ya bazee.